Anayepita juu ya makaa analindwa na mkaa, si na imani

“Nia ikiwa thabiti, moto hauunguzi.” Hii ndiyo dhana inayouzwa kwenye semina za hamasa, na ndiyo inayochosha kuliko zote. Kinachounguza ngozi ni kiasi cha joto kinachoingia, si namba ya kwenye kipimajoto. Makaa yanaweza kufika nyuzi 500 za Selsiasi, lakini mkaa ni mwepesi, umejaa vitundu vya hewa, joto ulilobeba ni haba na hulitoa polepole. Jivu juu yake huzidi kulizuia. Chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mkaa. Mama lishe huokota kaa lililodondoka kwa ncha za vidole na kulirudisha jikoni upesi, lakini sufuria iliyo juu ya jiko hilohilo haiipui bila kitambaa. Anayesema ni nia, basi nia hiyo ifanye kazi na juu ya bamba la chuma lenye jotoridi lilelile. Asijaribu, tafadhali.

Mwaka 1935, huko Surrey, Uingereza, Harry Price, mchunguzi wa madai ya miujiza, alimpima mwanamazingaombwe Kuda Bux akitembea juu ya makaa. Uso wa makaa ulikuwa kama nyuzi 430, na nyayo zake zilitoka salama. Maelezo ya Price hayakuwa na miujiza: mkaa hupitisha joto kidogo, na kila unyayo hugusa kwa muda mfupi mno. Dallas, Marekani, mwaka 2016, watu wapatao 30 waliungua wakipita juu ya makaa kwenye semina moja ya hamasa. Nia walikuwa nayo.

“Lowesha miguu kwanza, mvuke utakukinga.” Hapana. Unyayo mbichi hunasa vipande vya makaa, hasa katikati ya vidole, navyo huendelea kuunguza hata ukishatoka. Kausha miguu.

“Kimbia.” Ukikimbia mguu unazama, na makaa yanapanda hadi juu ya unyayo, kwenye ngozi laini. Tembea kwa haraka ya kawaida, hatua nne au tano, bila kusimama kupigwa picha. Mguu unaokawia hauokolewi na udogo wa joto la mkaa.

“Sugu za nyayo zinatosha.” Zinasaidia kidogo, basi.

Kinachosahaulika ni kuni zenyewe. Subiri ndimi za moto zife na makaa yavae jivu, kisha yasambaze yawe tabaka jembamba. Usichome mbao za makreti: msumari mmoja uliobaki humo ni chuma, na umeshapata jotoridi la makaa.