Joto halipandishi presha, msiongeze kidonge

"Daktari, joto hili limenipandisha presha, nimemeza viwili." Nimeambiwa tena juzi, na mzee ambaye mashine ilisoma 96 kwa 58, presha ya chini. Nimechoka, naandika.

Joto hutanua mishipa ya ngozi ili mwili upoe, na jasho huondoka na maji na chumvi. Presha inashuka. Baridi inabana mishipa, presha inapanda. Uingereza walilichapisha hilo mwaka 1982, kutoka kwenye utafiti mkubwa wa wagonjwa wa presha: vipimo vya majira ya baridi vilizidi vya majira ya joto. Tusonge.

Kinachonikera kiko chini ya mkorosho. Tandahimba, huku Mtwara, saa saba mchana, mtu kainama anaokota korosho. Anainuka ghafla: kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, jasho linamtiririka. Papo hapo kila aliyepo anakuwa daktari. "Imepanda hiyo, mpeni dawa yake!" Jamani, moyo unakwenda mbio kwa sababu presha imeshuka, unahangaika damu ifike kichwani. Na kama anatumia kidonge cha kukojoa, maji ameanza kuyapoteza tangu asubuhi. Mkimwongezea kingine mnamdidimiza. Mlazeni kivulini, miguu juu, akiwa na fahamu zake anywe maji. Zahanati apimwe akiwa amekaa, kisha amesimama; namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, jibu mnalo. (Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, hayo ni mengine kabisa: hospitali, mbio.)

Halafu kuna yule wa Julai. Kusi linavuma, Newala kule juu asubuhi watu wamejitanda mablanketi, naye kaacha dawa kwa kuwa "joto limeisha". Huyo ndiye ananinyima usingizi.

Ila kumpunguzia mtu dawa Novemba, wakati wa joto, si kwepesi kama ninavyojifanya hapa. Mimi nampima mchana. Usiku wa joto mtu halali vizuri, na presha inayotakiwa ishuke usingizini huenda isishuke, nami sipo kuipima. Kwa hiyo kwa kawaida nagusa kile cha kukojoa tu, nakipunguza, namwambia arudi baada ya wiki mbili. Anaitikia vizuri sana. Namwona minada ya korosho ikishaisha.