Seli za Kinga Zinaposhindwa Kufagia Mitokondria Zake

Ukikaa kwenye hadubini katika maabara za Kisumu msimu wa malaria, hukosi kuiona kwenye slaidi ya damu iliyopakwa rangi ya Giemsa: monositi, aina ya seli nyeupe ya kinga, iliyojaa punje za kahawia iliyokoza. Punje hizo ni hemozoini, mabaki ya himoglobini iliyoliwa na vimelea. Mimi hushindwa kuipita seli hiyo, maana iliyomeza shehena ile imo matatani.

Chuma kilichomo humo huchochea molekuli kali za oksijeni, nazo huunguza mafuta ya utando wa seli. Mitokondria, vinu vya nishati vya seli, hazisalimiki. Zenyewe tayari huvujisha elektroni zikitengeneza nishati, na elektroni zikikutana na oksijeni huzaa supaoksaidi, mojawapo ya molekuli kali hizo.

Seli ina njia ya kuondoa mitokondria zilizochakaa: mitofajia. Mitokondria ikiwa nzima, protini iitwayo PINK1 huingizwa ndani na kukatwa. Utando wa ndani ukipoteza chaji, PINK1 hukwama nje, hurundikana, na kuiamsha protini nyingine, Parkin, ambayo huibandika mitokondria hiyo alama za kuondolewa ziitwazo yubikwitini. Kisha utando mpya huizingira na kuipeleka kwenye lisosomu, kifuko cha kusagia taka cha seli, ikasagwe. (Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Nobel mwaka 2016 kwa kufichua mitambo ya usagaji huu, akichunguza hamira.)

Sasa tusikilizane vizuri. Molekuli kali zikiwa kiasi, ndizo huamsha usafi huo. Zikizidi, huwadhuru wasafishaji wenyewe: Parkin ina sisteini (aina ya asidi amino) nyingi, na zikioksidishwa mno protini hiyo hulegea, utando wa lisosomu nao hutoboka. Ni kama mkokoteni wa taka uliovunjika ekseli katikati ya soko la Kibuye. Mitokondria mbovu hubaki, DNA yake huvuja, NLRP3, protini ya kutambua hatari, huamka, na makrofeji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) humwaga IL-1β, ishara ya homa na uvimbe.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu vidonge vya kuzima oksidisheni, sishauri mtu avinywe kiholela. Makrofeji na nyutrofili, seli nyingine za kinga, huua bakteria kwa molekuli hizohizo. Watoto wanaozaliwa bila uwezo wa kuzitengeneza vizuri huandamwa na maambukizi makali. Nchini Finland, utafiti uliotangazwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, navyo ni vya kuzima oksidisheni, walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu. Kwa mgonjwa wa malaria, nafuu ya seli hizi huanza na kuua vimelea mapema, kabla hemozoini haijarundikana.