Kanuni za kundi la mtandaoni: kataza tendo, usikemee tabia

Watu ishirini wanaofahamiana hawahitaji kuandikiwa kwamba matusi hayafai. Kundi likikua, wanaingia wageni wasiojua desturi za wenyeji, na ugomvi mkubwa wa kwanza ukizuka msimamizi huandika kanuni usiku huohuo, hasira hazijamtoka. Matokeo yake ni orodha ya makosa ya mtu mmoja, na kila mwanachama anajua ni nani anayesemwa.

Mwongozo wa adabu za mtandaoni ulioandaliwa na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel na kutolewa Oktoba 1995, uitwao RFC 1855, uliwashauri wageni wasome mijadala ya kundi kwa mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kuandika chochote. Leo nani atasubiri hivyo? Mgeni hujiunga asubuhi na mchana ameshaanza kubishana. Kwa hiyo kanuni zimfikie pale pale anapotaka kuandika.

Wasimamizi wengi huhofia kwamba kanuni zikitangazwa mno zitawatia wageni uoga. Mtafiti J. Nathan Matias alilipima jambo hilo katika kundi la sayansi la Reddit, mtandao wa mijadala, kundi lenye mamilioni ya wanachama, na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Kanuni zilipobandikwa juu ya mjadala wenyewe, uwezekano wa mgeni kuzifuata uliongezeka kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na ushiriki wa wageni ukapanda kwa wastani wa asilimia 70. Yaelekea anayesita kuchangia hutaka kwanza kujua kama atalindwa.

Sasa, ziandikweje? "Tuheshimiane" haisaidii, kwa sababu hata anayetukana huamini amejibu kwa haki. Taja tendo ambalo watu wawili wakilisoma wataona kitu kimoja: pinga hoja, usimseme mwenzako kwa kabila, dini, umbile wala familia yake, usiweke namba ya simu, picha au ujumbe wa faragha wa mtu bila idhini yake, ukileta habari, sema umeitoa wapi. Kanuni chache za namna hii zatosha. Zikifika thelathini hakuna atakayezisoma, msimamizi akiwemo.

Kazi ngumu ni adhabu. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotumia kwa pamoja malisho, misitu na maji ya umwagiliaji. Aliona kwamba katika zile zilizodumu, adhabu huanza ndogo na kupanda kadiri kosa linavyorudiwa, na wanaobanwa na kanuni wana sauti katika kuzibadilisha. Katika kundi la mtandaoni, anza kwa kumwandikia mkosaji faraghani. Akirudia, futa ujumbe wake na utaje kanuni aliyoivunja. Kisha mzuie kuandika kwa siku chache. Kumtoa kuwe hatua ya mwisho. Tishio la kumdhuru mtu halipitii ngazi hizi. Hifadhi ushahidi kwanza, mtoe mhusika, uviarifu vyombo vya dola na watu wanaotishiwa.

Msimamizi naye afungwe na kanuni hizohizo, na hapa ndipo makundi mengi huvunjika. Asihukumu ugomvi ambao yeye ni mmoja wa wagombanao, amwachie msimamizi mwenzake. Kundi lenye msimamizi mmoja tu limpate wa pili kabla halijaandika kanuni ya kwanza. Aliyeadhibiwa aambiwe sababu na aonyeshwe mahali pa kukata rufaa, kwa mtu mwingine asiye yule aliyemwadhibu.

Kanuni zikibadilishwa, andikeni tarehe ya mabadiliko juu yake, ili mtu asiadhibiwe leo kwa ujumbe alioandika kabla kanuni haijakuwapo.