Skeli ya 1/72 ina maana gani kwenye modeli ya ndege ya kivita?

Kila boksi la modeli ya ndege lina namba ndogo iliyoandikwa kama sehemu: 1/72, 1/48, 1/32. Hiyo ndiyo skeli. Inakuambia kwamba kila kipimo cha ndege halisi kimegawanywa kwa namba ya chini. Aliyesoma ramani shuleni anaijua tayari, maana ramani ya 1:50,000 inafanya kazi hiyohiyo: sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Ila ramani imelala, na modeli imesimama. Ina urefu, kimo, unene, uzito, rangi na mng'ao, na si vyote hivyo vinavyokubali kugawanywa. Hapo ndipo penye utamu wa kazi hii, na ugomvi wake pia.

Tuchukue ndege moja tuitumie hadi mwisho: Spitfire ya Uingereza, iliyosanifiwa na R. J. Mitchell wa kampuni ya Supermarine. Ile ya kwanza ya majaribio iliruka tarehe 5 Machi 1936 kutoka Eastleigh, karibu na Southampton, na hadi uzalishaji unasimama zaidi ya 20,000 zilikuwa zimeundwa. Mark I, toleo lililopambana na Wajerumani kwenye anga ya Uingereza mwaka 1940, ilikuwa na mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa jingine, na urefu wa mita 9.12. Gawanya kwa 72: mabawa yanakuwa sentimita 15.6, mwili karibu sentimita 12.7. Inakaa kiganjani. Kwa 1/48 mabawa yanafika sentimita 23.4, kwa 1/32 sentimita 35, na kwa 1/24 karibu sentimita 47, ambayo tayari inadai meza yake peke yake.

Wanaoanza huchanganyikiwa hapa: namba ya chini ikiwa kubwa, modeli inakuwa ndogo. Tena tofauti si ndogo kama inavyosikika. Kutoka 1/72 kwenda 1/48 urefu unaongezeka mara moja na nusu tu, lakini eneo la kupaka rangi linaongezeka mara 2.25, na nafasi modeli inayojaza ni zaidi ya mara tatu. Ndiyo sababu mtu ananunua 1/48 akidhani kaongeza kidogo, kumbe rangi inaisha na kabati limejaa. Kwa ndege za rubani mmoja bado unaweza kuvumilia. Kwa ndege kubwa ya kudondosha mabomu kama Lancaster, yenye mabawa ya mita 31, hata 1/72 inatoka na sentimita 43, na kwa 1/32 unakaribia mita nzima.

Kwa nini 72 na si 70 au 75? Kwa sababu ya futi na inchi. Futi 6 ni inchi 72, kwa hiyo kwenye skeli hii inchi moja inasimama badala ya futi sita, na mtu mzima mrefu anakuwa na kimo cha inchi moja. Kwa 1/48, robo inchi ni futi moja; kwa 1/24, nusu inchi ni futi moja. Ni hesabu za mafundi waliokuwa na rula ya inchi mkononi. Skeli ya 1/72 ilianza kushika Uingereza miaka ya 1930, kwanza kwa modeli za mbao, halafu mwaka 1936 kampuni ya Frog ikatoa modeli za plastiki zilizoitwa Penguin kwa skeli hiyohiyo.

Vita vikaipa kazi ya kijeshi. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za mbao kwa skeli ya 1/72, zipakwe rangi nyeusi, zitumike kuwafundisha askari kutambua ndege ya rafiki na ya adui kwa umbo tu. Hesabu ilikuwa rahisi: modeli ikiwa umbali wa mita 11 hivi, inaonekana kwa ukubwa uleule wa ndege halisi iliyo karibu mita 800. Hilo la umbali tulishike, tutalirudia kwenye rangi.

Si kila kiwanda kilifuata utaratibu huo. Miaka ya 1950 viwanda kadhaa vya Marekani vilikuwa na ukubwa mmoja wa boksi, na ndege ilipunguzwa mpaka iingie humo, iwe kubwa au ndogo. Ukiziweka mbili bega kwa bega, ndege ya kivita ya rubani mmoja inalingana na ndege ya mabomu ya injini nne. Na skeli ya 1/35 inayotawala kwenye vifaru imetokana na modeli ya kifaru cha Panther ya kampuni ya Tamiya, ambayo ukubwa wake uliamuliwa na betri na mota vilivyotakiwa kuingia ndani. Ndege hazikufuata 1/35, zilikaa na 1/32. Matokeo yake, ukitaka kumsimamisha askari wa 1/35 kando ya Spitfire ya 1/32, mtu wa mita 1.80 ana sentimita 5.1 wakati alipaswa kuwa na 5.6. Anaonekana kijana wa shule aliyeazima sare.

Hadi hapa skeli ni hesabu tupu. Shida inaanza kwenye unene.

Bati la mwili wa ndege kama hii lilikuwa jembamba, tuseme milimita moja. Ligawanye kwa 72, unapata milimita 0.014. Hakuna kiwanda kinachoweza kumimina plastiki nyembamba hivyo, na hata kingeweza, ingepasuka ukiigusa. Plastiki ya modeli ina unene wa milimita moja hivi, yaani kwenye ndege halisi lingekuwa bati la sentimita 7. Ukuta huo mnene unajionyesha palipo na uwazi: mlango wa rubani, vifuniko vya matairi, ukingo wa nyuma wa bawa. Ndiyo maana wajenzi wenye subira hukwangua kingo hizo kwa kisu na msasa kwa upande wa ndani, pasipoonekana, hadi ukingo unaoonekana uwe mwembamba. Bati lenyewe halijapungua. Jicho ndilo limedanganywa.

Uzito nao una vioja vyake. Mark I iliyojazwa mafuta na risasi ilikuwa na takriban kilo 2,700. Uzito haugawanywi kwa 72, bali kwa 72 × 72 × 72, yaani 373,248. Jibu ni gramu 7 na kidogo. Usishangae modeli yako ya plastiki ikizidi hapo.

Halafu kuna mistari ya maungio ya mabati. Kwenye modeli ya kisasa mstari huchongwa ndani, na upana wa milimita 0.2 unaonekana mwembamba sana mezani. Zidisha kwa 72: milimita 14. Spitfire yenye nyufa za kuingiza kidole katikati ya mabati isingeruka kwa raha. Modeli za zamani zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu zilijaa vichwa vilivyotuna vya ribiti, yaani pini za kushikanisha mabati. Kinundu cha nusu milimita ni ribiti ya milimita 36, na ribiti ya kweli ya ndege hii haikufika hata milimita 10. Kwa Spitfire kosa hilo linaudhi zaidi, kwa kuwa waundaji wake waliihangaikia sana ngozi laini. Wakati wa majaribio walibandika njegere kavu zilizopasuliwa juu ya ribiti zilizolala, ili wajue vichwa vilivyotuna vingepunguza kasi kiasi gani na ni wapi vingeweza kuvumilika. Kwenye mabawa ribiti zikabaki zimelala. Mimi modeli ikija na vinundu hivyo navipiga msasa vyote, wala sivirudishi.

Gundi na puti tusikae navyo sana. Gundi ya modeli hizi huyeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kimoja, kwa hiyo ikimwagika juu ya kioo cha rubani, kioo kimekwisha. Chumba cha rubani hujengwa na kupakwa rangi kwanza, kwa sababu ukishafunga mwili huwezi tena kuingiza brashi humo. Maungio hujazwa puti, hupigwa msasa, na ndege inakuwa tayari kwa rangi.

Na kwenye rangi ndiko skeli inakogeuka kuwa suala la maoni.

Spitfire ya mwaka 1940 juu ilikuwa na mabaka ya kahawia ya udongo na kijani iliyokolea. Chini, mwanzoni mwa vita, nusu ilikuwa nyeusi na nusu nyeupe, ili walio ardhini waitambue. Mwezi Juni 1940 likaja agizo la kubadilisha: chini yote iwe rangi iliyoitwa Sky, ambayo ni kijani hafifu mno inayoelekea kijivu. Rangi yenyewe haikutosha, na kambi nyingine zilijichanganyia ya kwao kwa walichokuwa nacho. Kwa hiyo anayekuambia chini ya Spitfire ya Julai 1940 kuna rangi moja tu sahihi, mwache aendelee, wewe paka.

Kuna kundi linaloshikilia kwamba hata ukipata rangi ileile ya kiwandani, bado utakosea ukiipaka jinsi ilivyo. Hoja yao: modeli ya 1/72 ukiitazama kwa umbali wa sentimita 30, ni kama unatazama ndege halisi iliyo mita 21.6. Katika umbali huo hewa huipauza rangi, basi lazima uongeze nyeupe au kijivu kidogo kwenye kopo. Naikubali tiba, lakini utambuzi wa ugonjwa una kasoro. Mita 21 za hewa safi haziondoi kitu cha kuonekana; nyumba ya jirani haipauki kwa sababu uko ng'ambo ya barabara. Sababu yenye nguvu zaidi ni eneo. Rangi ikiwa kwenye eneo dogo huonekana nzito kuliko ikiwa kwenye eneo kubwa, jambo ambalo kila aliyechagua rangi ya ukuta kutoka kwenye kadi ndogo ya dukani amelionja. Bawa la sentimita chache likipakwa kijani iliyokolea moja kwa moja kutoka kopo linakuwa jeusi, na mistari yote uliyohangaikia inapotea. Matone machache ya rangi nyepesi yanasaidia. Kiasi gani, amua kwa jicho.

Mpaka kati ya baka na baka hauna mjadala, huo ni hesabu. Kwenye ndege iliyotoka kiwandani, ukungu kati ya kahawia na kijani, yaani pale rangi mbili zinapofifia kuingiana, ukiwa wa sentimita 2 au 3, kwenye 1/72 ni chini ya nusu milimita. Anayepuliza rangi bila kuziba, akaacha ukungu wa milimita 3, ametengeneza ukungu wa zaidi ya sentimita 20. Picha yake inapendeza, lakini ndege si ya kiwanda kile. Kwa skeli hii ziba kwa tepu, au tumia brashi kwa mkono uliotulia. Kwenye 1/32 kupuliza bila tepu kunawezekana, kwani milimita moja ya ukungu ni sentimita 3 za kweli.

Alama za duara za jeshi la anga na herufi za kikosi huja kwenye karatasi ya kulowekwa majini. Rangi ya vita haing'ai, na rangi isiyong'aa ina uso wa chengachenga usiouona. Ukibandika alama juu yake, hewa hunaswa chini ya utando na kuacha weupe kama fedha ukilaza modeli kwenye mwanga. Kwa hiyo kwanza pitisha vanishi inayong'aa, bandika, acha ikauke, kisha funika yote kwa vanishi isiyong'aa. Usisahau ukingo wa mbele wa bawa: Mark I ilikuwa na bunduki nane, nne kila upande, na matundu yake yalifunikwa kwa viraka vya kitambaa vilivyopakwa rangi nyekundu ili uchafu na baridi visiingie. Vikiwa vizima, ndege haijafyatua. Vikiwa vimetoboka na nyuma yake kuna masizi, imetoka vitani. Huwezi kuweka masizi nyuma ya kiraka kizima.

Kuhakiki kama kiwanda kimesema kweli ni kazi ya rula. Unganisha mabawa bila gundi, pima ncha hadi ncha, zidisha kwa 72. Ukipata sentimita 15.2 badala ya 15.6, ndege yako imepungua karibu sentimita 29 za kweli. Ila kabla hujaanza kulalamika soma toleo kwenye boksi. Spitfire nyingi za baadaye zilikatwa ncha za mabawa ziweze kubingirika upesi zikiruka chini, na mabawa yakawa chini ya mita 10. Hizo kwa 1/72 ni sentimita 13.7 hivi. Zile za kupigana juu sana ziliongezewa ncha ndefu zikapita mita 12, sawa na sentimita 17. Zote ni Spitfire, zote ni 1/72, na rula itakupa majibu matatu yaliyo sahihi.