Msongamano wa pikseli: jambo ambalo inchi za monita hazikwambii

Monita huuzwa kwa inchi. Ingia duka lolote la kompyuta Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, swali utakalokutana nalo mapema ni "unataka inchi ngapi?", na bei hupanda pamoja na inchi. Lakini inchi ni urefu wa mshazari tu, kutoka pembe ya juu ya kioo hadi pembe ya chini ya upande wa pili. Hazisemi lolote kuhusu ukali wa maandishi, na kwa anayeshinda mbele ya monita akiandika barua, akijaza hesabu au kusoma kozi yake, maandishi ndiyo kila kitu.

Ukali huo hutokana na msongamano wa pikseli. Pikseli ni vile vinukta vinavyowaka rangi na kuunda kila unachokiona kwenye kioo. Msongamano ni idadi ya vinukta hivyo katika kila inchi moja. Vikibanana, herufi hutoka nyororo. Vikiachana, utaanza kuona vipandio vidogo kama vya ngazi kwenye mkunjo wa "s" na kwenye miguu ya "k".

Hesabu yake haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Chukua idadi ya pikseli za upana uizidishe kwa yenyewe, fanya vivyo hivyo kwa zile za kimo, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya kwa inchi za monita. Full HD ni pikseli 1920 kwa 1080, na mshazari wake ni kama pikseli 2203. Kwenye kioo cha inchi 21.5 unapata 102 kwa inchi. Kwenye inchi 24 unapata 92. Kwenye inchi 27 zinashuka hadi 82.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Monita ya inchi 27 ya Full HD haina pikseli hata moja zaidi ya ile ya inchi 21.5. Donge la unga ni lile lile. Umesukuma chapati pana zaidi, basi. Ukifungua Excel kwenye zote mbili bila kubadili mipangilio, utaona safu zile zile na mistari ile ile. Ulicholipia ni herufi kubwa zaidi zenye kingo za kukwaruza kidogo, wala si nafasi ya kazi. Muuzaji hatakwambia hivyo, na mara nyingi si kwa ubaya: naye anauza inchi kama alivyouziwa.

Je, jicho linaona tofauti hiyo kweli? Linaona. Jicho lenye uoni wa kawaida huweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, pembe hiyo ni kama milimita 0.17. Pikseli ya monita ya inchi 24 ya Full HD ina upana wa milimita 0.28, na ya inchi 27 milimita 0.31. Zote mbili zinaonekana kwa anayezitafuta, ila ya pili huhitaji hata kuitafuta. Ili pikseli zipotee kabisa kwa umbali huo unahitaji kama 145 kwa inchi. Simu nyingi za bei nafuu siku hizi zinapita 250, ndiyo maana ukitoka kusoma ujumbe kwenye simu ukageukia monita, maandishi huonekana kama yameparara.

Mimi kwa kazi za kila siku naishikilia inchi 24 ya Full HD, na sababu si bei peke yake. Kwa miaka mingi Windows imekuwa ikichora herufi na vitufe kwa kuchukulia kwamba inchi moja ina pikseli 96. Monita yenye 92 iko karibu sana na kipimo hicho, kwa hiyo kila kitu hutokea kwa ukubwa uliokusudiwa bila kugusa chochote. Anayetaka inchi 27 atafute yenye pikseli 2560 kwa 1440. Hiyo inampa 109 kwa inchi, na hapo ndipo anapopata nafasi ya kweli: kurasa mbili za waraka ubavu kwa ubavu, zote zikisomeka. Herufi zitakuwa ndogo kidogo, lakini vijana hawalalamiki.

4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, kwenye inchi 27 ni 163 kwa inchi, na maandishi yake ni raha tupu. Ila ukuzaji wa Windows ukiwa asilimia 100, yaani bila kukuza chochote, herufi ni kama punje za mtama, kwa hiyo utakuza vitu hadi asilimia 150, na ukishakuza, nafasi ya kazi inalingana na ile ya 2560 kwa 1440. Kwa hiyo fedha ya ziada inanunua ukali, hainunui nafasi. Halafu programu za zamani, hasa zile za uhasibu ambazo ofisi hazitaki kuachana nazo, hutoka na ukungu zikikuzwa hivyo. Angalia na tundu la HDMI la kompyuta yako pia: kama ni la toleo la 1.4, picha ya 4K itachorwa upya mara 30 tu kwa sekunde, na utauona mshale wa kipanya ukijikokota.

Kuna jambo moja linaloharibu hata monita nzuri. Mzee akiona herufi ni ndogo, fundi anaingia kwenye mipangilio na kupunguza idadi ya pikseli, tuseme kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1600 kwa 900. Herufi zinakua kweli, lakini sasa kila kitu kina ukungu, maana pikseli za picha hazilali tena sawasawa juu ya pikseli za kioo. Idadi hiyo iachwe ile ambayo kioo kilizaliwa nayo. Kinachopandishwa ni kipimo cha ukuzaji, asilimia 125 kwa mfano.

Inchi 27 ya Full HD nayo ina mtu wake. Anayekaa mbali, mita moja hivi, au anayeitumia zaidi kutazama mpira na filamu, hataona kasoro. Picha inayotembea huficha mengi, na ndiyo sababu monita za maonyesho dukani huwekewa video za samaki na maua. Omba wafungue waraka wenye maandishi meusi madogo juu ya karatasi nyeupe, ukuzaji uwe asilimia 100, kisha kaa umbali wa mkono mmoja usome aya nzima. Wakati huo huo hakikisha wametumia waya wa HDMI au DisplayPort, kwa sababu waya wa zamani wa VGA unaweza kutia maandishi ukungu hata kwenye kioo kizuri, ukaikataa monita isiyo na kosa.