Nani kakwambia ile barua ilitumwa?

Juzi nimesahihisha insha za kidato cha sita kuhusu Barua Ndefu Kama Hii, riwaya ya Mariama Bâ, na kwa mara nyingine nimekutana na ile sentensi: "Katika barua hii mwandishi anamweleza rafiki yake jinsi mumewe alivyomletea mke mwenza." Mwandishi! Mumewe! Mwaka wa ngapi huu naandika pembeni "msimulizi, si mtunzi" kwa wino mwekundu, kama mtu anayetwanga maji?

Tulimalize hili upesi. Mariama Bâ, Msenegali, alizaliwa mwaka 1929, akaachana na mumewe, akalea watoto tisa. Ramatoulaye, msimulizi anayemwandikia rafiki yake Aïssatou, ana watoto kumi na wawili, hakuachwa wala hakudai talaka, amefiwa. Wote wawili ni walimu, sawa. Na mimi ni mwalimu, lakini sina mume aliyemuoa rafiki wa binti yangu. Twende mbele.

Kinachoniudhi zaidi ni imani iliyojificha ndani ya kosa hilo: kwamba barua ni moyo uliofunuliwa tu, mtu kakaa, kaandika yaliyompata, katia kwenye bahasha. Kumbe mwaka huu msichana mmoja aliifunga riwaya katikati ya kipindi akauliza, "Mwalimu, mbona anamsimulia Aïssatou mambo ya Aïssatou mwenyewe?" Wenzake wakacheka. Mimi nilitamani kumpigia makofi. Kweli kabisa: kurasa nzima zinamweleza Aïssatou jinsi mumewe, Mawdo, alivyoozwa Nabou mdogo kwa hila za mama yake, na jinsi Aïssatou alivyofungasha akaondoka. Nani anamwandikia mtu habari za ndoa ya mtu huyohuyo?

Vitabu vya miongozo hujibu kwamba ni mbinu ya kumpa msomaji taarifa. Jibu la kivivu. Rudini mwanzoni. Ramatoulaye anasema amepata barua ya rafiki yake, na kama jibu anafungua daftari. Daftari, jamani! Yumo ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, kuta zimemzunguka. Msomaji wa pwani yetu haelezwi eda ni nini. Wala haelezwi neno jingine analolitumia, mirasse, ambalo ni mirathi yetu ileile. Ila Ramatoulaye analivuta mbali kuliko nyumba na madeni: kwake, mirathi inadai marehemu avuliwe hata siri zake. Kwa hiyo daftari lile ni kikao cha mirathi. Anagawa siri za Modou, marehemu mumewe, na Aïssatou ameitwa kama shahidi, kwa sababu yaliyompata yeye ndiyo yaliyotangulia. Shahidi husomewa hata anayoyajua.

Sasa tazameni mwisho. Aïssatou, mkalimani katika ubalozi wa Senegal huko Marekani, anafika kesho. Nani hupeleka posta barua kwa mgeni anayetua kesho? Sijaona ukurasa ambamo daftari linatiwa kwenye bahasha.

Barua zinazotumwa kweli zimo humohumo, na zote ni fupi. Aïssatou anamwachia Mawdo moja juu ya kitanda, anachukua wanawe wanne, ndoa imekwisha. Ramatoulaye anampelekea Daouda Dieng, aliyemposa baada ya kufiwa, bahasha kwa mkono wa jirani yake Farmata, ambaye masikini anadhani amebeba ndiyo. Ndani mna hapana. Daouda anajibu kwa maneno yasiyozidi kiganja: yote au basi, kwaheri. Harudi tena. Barua fupi hukata. Hii ndefu haikati kitu, na nadhani ndiyo maana ni ndefu.

Kuna jambo ambalo ubaoni huwa nalipita haraka. Barua ya Aïssatou kwa Mawdo, ile wanafunzi wanayoikariri kama tamko la ukombozi, hatuisomi kwenye karatasi ya Aïssatou. Ramatoulaye anatwambia anayakumbuka maneno yenyewe. Baada ya miaka yote hiyo? Neno kwa neno? Nafundisha kwamba hiyo ni sauti ya Aïssatou kwa sababu mtihani unataka hivyo, lakini nikiisoma peke yangu nasikia mahadhi ya Ramatoulaye. Huenda anachokikumbuka ni barua ambayo yeye mwenyewe hakuthubutu kuiandika. Huenda masikio yangu yamechoka. Sijaamua.

Wala sijaamua kama kitu hiki ni barua au shajara. Zamani aliyeandika "shajara" nilimkata. Yule msichana, katika insha yake, ameandika "shajara iliyovaa salamu za barua". Nimempa alama zote. Kwa mwongozo wa kusahihisha, angekatwa mbili.