Mstari kwenye simu si njia: dhana potofu kuhusu kukagua njia za msituni

"Njia nimeshaiona kwenye simu, ipo." Kauli hii nimeisikia mno kwa wakimbiaji wanaojipangia mbio ndefu kwenye misitu ya Mufindi na Rungwe, kusini mwa nyanda za juu za Tanzania, na ndiyo inayowafikisha watu kilomita ya 20 wakiwa hawana pa kwenda mbele wala nguvu za kurudi.

Chukua shamba la miti la Sao Hill, huko Mufindi. Picha ya setilaiti inaonyesha mistari iliyonyooka kati ya vitalu vya misindano, na ukiwa umekaa mjini Mafinga unaona barabara tupu. Mingi ya mistari hiyo ni njia za kuzuia moto. Hazikuchongwa kwa ajili ya mguu wa mtu. Zinafuata mpaka wa kitalu, kwa hiyo hushuka moja kwa moja hadi kwenye kinamasi na kupanda upande wa pili bila daraja. Zikishafyekwa unakimbia vizuri, ila mvua zikipita nyasi hufika kiunoni.

Mistari mingine ni njia za kuburuta magogo. Hizo huishia pale magogo yalipopakiwa kwenye lori, basi, kwa sababu trekta halikuwa na la kufuata mbele zaidi. Kwenye ramani utaona ncha mbili zimeachana mita 300 tu ukadhani utakatiza. Ukifika unakuta matawi na vilele vya miti vimelundikana hadi magotini, na mita hizo 300 zinakula dakika 20 na pengine kifundo cha mguu. Isitoshe, picha unayoitazama inaweza kuwa ya miaka kadhaa nyuma, na ile kona ya milingoti uliyoiweka kuwa alama imeshavunwa.

Kwenye msitu wa asili kama Rungwe tatizo ni jingine: majani yamefunika kila kitu, setilaiti haioni njia. Hata rekodi ya GPS ya njia uliyotumiwa na mwenzako usiiamini sana. Chini ya miti mikubwa simu hurusha nukta za mahali ulipo huku na huku, na ikichukua nukta chache huzikata kona kwa mistari iliyonyooka, umbali ukaonekana mfupi kuliko ulivyo.

Kwa hiyo nenda kwa miguu. Gawa njia vipande vya kilomita 8 hadi 10, kila kipande kianzie na kuishia mahali bodaboda inafika. Kitembee kwa uelekeo uleule utakaokimbia, maana njia panda iliyo wazi ukitokea juu mara nyingi haionekani ukitokea chini. Kwenye kila njia panda simama, piga picha ya mbele na ya nyuma, kisha andika kitu ambacho hakikatwi wala kufyekwa: jiwe, daraja, mto, nguzo ya umeme. Kwenye simu weka alama za njia panda, maji, pa kutokea barabarani na pa kupata mtandao. Ramani ipakue ukiwa mjini. Daraja la magogo usilipime kwa macho ukiwa juu yake. Shuka utazame ncha zilizolala kwenye udongo wa ukingo, ndizo huanza kuoza. Kagua mara mbili: Juni, mvua zikishaisha, na tena wiki mbili kabla ya mbio. Huo ukaguzi wa pili ndio watu wanaouruka, na ndio ninaousisitiza kuliko yote.

"Wenyeji wataniambia." Wanaijua njia kuliko ramani yoyote, lakini ukiuliza "ni mbali?" utajibiwa "hapo tu". Uliza pikipiki inapita masika? Lori la magogo lilipita lini mara ya mwisho? Mto ukijaa mnavukia wapi?

"Kilomita 30 ni kilomita 30." Hapana. Kukadiria muda, kila mita 100 za kupanda zihesabu kuwa kilomita 1 ya tambarare. Kilomita 30 zenye jumla ya mita 1,200 za kupanda zinakuwa 42, na tope bado hujalihesabu.

"Maji ya mlimani ni salama." Milima ya Uporoto ina mashamba ya viazi hadi juu sana, na viazi hupuliziwa dawa ya ukungu. Kidonge cha klorini kinaua vijidudu vingi, hakiondoi dawa ya shambani. Chota pale ambapo kijito hakijafika mashambani, kisha tia kidonge. Kijito ulichokiona Juni kithibitishe tena, Oktoba kinaweza kuwa mchanga mtupu.

"Msitu hauna mwenyewe." Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mlima Rungwe na Sao Hill viko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Msitu wa kijiji uko chini ya serikali ya kijiji, kwa hiyo anza kwa mtendaji wa kijiji. Fuatilia kibali kabla hata ya kukagua, hasa Agosti hadi Oktoba, msimu wa moto, ambapo mgeni asiyejulikana ndani ya shamba la miti hushukiwa mara moja.

"Nikikimbia sitasikia baridi." Utasikia ukisimama. Joto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na uwanda wa Kitulo, juu ya mita 2,600, hupigwa na sakitu Juni na Julai. Aliyelowa jasho akiteguka mguu kwenye upepo ule huanza kutetemeka muda si mrefu. Beba koti la kuzuia upepo na mvua pamoja na fulana kavu, vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, hata siku ya kukagua.